Kitambaa Chekundu kwenye Tangi la Kambare

Mimi ni fundi viatu, na banda langu limetazamana na geti la kituo cha samaki. Ukikaa mahali pamoja ukitazama miguu ya watu inavyoingia na kutoka, utawajua kuliko mama zao. Meneja wa kituo tunamwita Bwana Taratibu, kwa sababu ukimuuliza jambo lolote, hata kama ni saa, hujibu, "Taratibu zinafuatwa." Viatu vyake havijawahi kuja kwangu vikiwa na unyevu. Soli kavu, kisigino kimelika upande mmoja tu, ule wa mtu anayezungusha kiti kutwa. Na huyo ndiye anayeongoza jengo lililojaa maji ukuta hadi ukuta.

Mke wangu alilowa kila siku. Alikuwa anasugua vioo vya matangi kwa ndani, mkono mzima majini, na sakafu ile ina utelezi kama sabuni, kwa hiyo alikuwa anavua ndala zake na kuziacha mlangoni. Miguu mitupu inashika vizuri, alisema. Mabuti hakupewa. Asubuhi moja alitia mkono kwenye tangi la mwisho, lile la kambare wa umeme, na hakurudi nyumbani kwa miguu yake.

Bwana Taratibu alikuja kwangu na wenzake, wakasimama mlangoni kama watu wanaoogopa kukaribishwa chai. Akasema, "Mzee, pole sana. Ni samaki. Kambare yule ana umeme, na inaonekana moyo wa marehemu ulikuwa dhaifu. Ni jambo la maumbile."

Moyo wa mke wangu dhaifu! Mwanamke aliyekuwa anabeba ndoo mbili na bado ana pumzi ya kunigombeza njia nzima.

Lakini samaki nilimwamini. Nani asiyejua kwamba yupo kambare anayepiga umeme? Nilichokataa ni kwamba jambo limeishia hapo. Samaki hakujileta. Hakuandika barua ya kuomba kazi. Kuna mtu alimleta, akamweka majini, akamwambia mke wangu atie mkono. Nikawahesabu wote wawili kuwa wauaji, samaki na mkubwa wake, na kwa kuwa mkubwa ana mlinzi getini, nikaona nianze na samaki.

Baada ya mazishi ndipo usalama ulipofika, kama mwavuli unaoletwa mvua ikishakatika. Mabuti ya mpira yakanunuliwa. Glavu ndefu zikanunuliwa. Kwenye tangi la kambare kikafungwa kitambaa chekundu, na ikatolewa amri: penye kitambaa chekundu hakuna kugusa maji bila mpira mikononi na miguuni. Pengine pote, ruhusa. Kisha wakanifanyia hisani yao kubwa: kazi ya marehemu wakampa binti yangu, kitindamimba wangu, ambaye kila mtu humwita Kitinda. Yaani mdomo uliomla mama ukafunguliwa tena, na mimi nikaambiwa niseme asante.

Jambo moja lilinikaa kooni. Wakati matanga hayajaisha vizuri, fundi umeme wa kituo alikuja bandani. Huyu jina lake ni Kesho, maana ndiyo tarehe ya kazi zake zote. Akavua viatu vyake vya kazi, akasema anataka soli nene za tairi la gari.

"Za tairi? Unakwenda vitani?"

"Wewe shona tu, mzee. Nene kabisa. Msumari hata mmoja usitie. Gundi na uzi."

"Unamwogopa samaki?"

Akacheka kama mtu aliyemeza mwiba. "Kila mtu amwogope samaki, mzee. Ndiyo usalama."

Nikashona. Lakini nilimtazama alivyokuwa anaondoka, akipapasa ardhi kwa soli mpya kama mtu anayevuka mto, na nikajiuliza: kazi yako wewe ni ukutani na kwenye waya, tangini unatafuta nini? Nikaliweka jambo hilo pamoja na mengine. Kichwa changu kimejaa mambo ya namna hiyo, kama boksi langu la vifungo vya viatu visivyo na wenzake.

Kitinda hakuwa na shaka yoyote, na hilo lilinitia shaka zaidi. Alikuwa anarudi nyumbani akinuka maji ya tangi, anacheka. Walikuwa wamempa tangi la domodomo, samaki wadogo weusi wenye mdomo uliochongoka kuelekea chini kama mkonga. Nao wana umeme, akaniambia, ila kidogo tu, wa kupapasia gizani na kuitana.

Jioni moja tunakula akasema, "Baba, domodomo wangu wamekua."

"Heri yao."

"Nikitia mkono majini siku hizi wananitekenya. Hapa, vidoleni, mpaka kwenye kiwiko. Zamani sikuwahi kuwasikia. Sasa wananisalimia."

"Salamu za samaki sizitaki nyumbani kwangu."

"Si kambare hao, baba. Hawa wapole."

"Mama yako pia aliambiwa wapole."

"Nani alimwambia?"

"Bwana Taratibu."

"Aa, baba! Kwako hata mvua ikinyesha ni Bwana Taratibu."

"Mvua hapana. Paa linalovuja, ndiyo."

Akacheka hadi akapaliwa. Halafu macho yake yakaenda kwenye rafu, kwenye chupa yangu ya dawa ya kuyeyushia gundi, ile kali ambayo nzi akipita juu yake anaanguka. Nilikuwa nimeitenga peke yake na kuizungushia karatasi.

"Na ile ya nini?"

"Ya kambare," nikamwambia. "Siku nikipata njia ya kuingia mle ndani."

Hakucheka tena usiku ule.

Siku ninayotaka kuisimulia ilianza kwa buti. Kitinda alikuja bandani asubuhi na buti lake la kushoto limepasuka kisigino, akaniachia yote mawili. Alikuwa amevaa raba za kitambaa.

"Gundi yake inachukua muda kukauka," nikamwambia. "Usifanye kazi ya maji leo."

"Nitafagia kwanza na kuwalisha. Vioo nitasugua baada ya chai. Raba nitazivua ndani zisilowe."

"Utakanyaga peku?"

"Baba, ni domodomo." Akanipiga kofi dogo begani kama mtu anayemtuliza ng'ombe, akavuka barabara.

Hata gundi sijaipaka vizuri, kivuli kikasimama mbele yangu. Mwanamke, nywele fupi, kitambulisho kinaning'inia shingoni, kisanduku cha mbao mkononi. Nilimjua kwa ndala zake za ngozi: ni yule daktari wa samaki, mgeni, aliyeletwa mwaka huu. Walisema anachunguza umeme wa samaki unatoka wapi mwilini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Mtu wa ofisini akikuamkia vizuri namna ile, shika mfuko wako. Nikangoja atoe kiatu. Hakutoa. Akavuta kigoda cha wateja, akaketi.

"Kiatu kiko wapi?" nikamuuliza.

"Sikuja na kiatu. Nimekuja kumwombea mtu."

"Nani?"

"Kambare wangu. Binti yako ameniambia una chupa yake."

Basi ndivyo ilivyo, nikawaza. Mtoto wangu mwenyewe amenichongea, na wakubwa wamemtuma mwenye sura ya upole. Wangemtuma Bwana Taratibu ningemrushia nyundo, wanajua. Nikasema, "Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa."

"Hakuna anayetoka kwenye geti lile bila kutumwa."

"Basi nimetumwa na kambare," akasema, na nikaona anaona aibu kwa utani wake, kwa sababu aliinamisha kichwa. "Mzee, nisikilize kidogo tu. Nikimaliza, kama bado unataka kumwua, mimi sitakuwa na la kusema."

Nikaendelea kupaka gundi kwenye kisigino cha buti. Kusikiliza si kukubali.

Akaniuliza kama namjua kambare yule umeme wake uko wapi. Nikamwambia najua ulipoishia. Akaokota mabaki ya ngozi chini ya meza yangu, vile vipande vya mviringo vinavyobaki nikikata visigino, akaanza kuvipanga kimoja juu ya kingine.

"Samaki huyu hatoki kwenye yai na umeme wa kumwangusha mtu," akasema. "Anaanza na misuli kama yangu na yako. Halafu, angali mdogo sana, sehemu ya misuli hiyo inaacha kazi ya misuli. Haijikunji tena, haivuti kitu. Inageuka visahani vyembamba kama hivi, vidogo mno huvioni bila hadubini, na vingi havihesabiki."

"Misuli imeacha kazi lakini inaendelea kulishwa," nikasema. "Hao nawajua. Ni maofisa."

Akacheka kweli, kicheko cha tumboni. Sikupenda. Mtu akikuchekesha au ukimchekesha, tayari ameshaingia uani.

"Na visahani hivyo vinakaa wapi?" nikauliza, ili tu amalize.

Akachukua kiatu cha mteja, akaingiza kidole kati ya ngozi ya nje na kitambaa cha ndani. "Hapa. Chini ya ngozi, kuanzia nyuma ya kichwa mpaka karibu na mkia. Amevaa kiungo chake cha umeme kama kiatu kinavyovaa bitana. Ni laini, kama utomvu ulioganda. Kisahani kimoja peke yake hata sisimizi hashtuki. Lakini vikikaa kwa mstari kama betri za redio yako, na vyote vikafyatuka pamoja, ndipo nguvu inapatikana."

"Nani anaviambia vifyatuke?"

"Hapo ndipo pa ajabu. Kwa kambare huyu ni seli mbili tu za neva, kubwa kuliko za kawaida, ziko kwenye uti wa mgongo. Moja upande huu, moja upande ule. Ikisema moja, upande mzima unatii papo hapo."

"Wakubwa wawili."

"Wakubwa wawili."

"Na mambo yakiharibika, wanakubali kwamba amri ilitoka kwao?"

Alifungua kisanduku.

Ndani mlikuwa na vichupa vya kioo, kila kimoja kina samaki ndani ya spiriti. Akavipanga mezani kwangu, mdogo kuliko wote kushoto, wa mwisho mrefu kama kiganja. Akanieleza kazi yao inavyofanywa: kambare hao walivuliwa mtoni wakiwa vitoto, uzao mmoja, wakawekwa kwenye lile tangi la mwisho. Kila mwezi anatolewa mmoja, anahifadhiwa, ili ionekane kile kiungo cha umeme kinavyojijenga hatua kwa hatua. Aliyebaki hai ni mmoja. Huyo mkubwa. Huyo wa chupa yangu.

"Mke wako alifariki mwezi gani, mzee?"

Nikamwambia.

Akanyoosha mkono kushoto, akachukua kichupa, akanipa na kioo cha kukuzia. Mle ndani mlikuwa na kitu kama kipande cha uzi wangu wa kushonea. Kina macho. Hakifiki urefu wa kucha yangu ya kidole gumba. Chini ya ngozi yake niliona utando mwembamba, kama ukungu wa pumzi kwenye kioo, na kwingine hata huo haukuwapo.

"Ndivyo walivyokuwa wote mwezi ule," akasema. "Kiungo ndiyo kwanza kinaanza kujitenga na misuli. Mstari wenyewe ni mfupi, visahani ni vichanga. Samaki huyu hawezi kumwua hata mbu aliyechoka."

Damu ikanipanda. Nikakirudisha kichupa mezani. "Kichupa mtu anaweza kukibadilisha. Karatasi ya juu yake mtu anaweza kuiandika jana."

"Anaweza," akasema. "Sitakukatalia. Lakini mke wako ndiye aliyewapokea walipoletwa. Hakukuambia kitu?"

Nilitaka kusema hapana. Lakini alikuwa ameniambia. Alirudi jioni moja, akavua kanga ya kichwa, akasema, "Leo wameletwa watoto wa kambare, mume wangu, ungewaona! Macho makubwa kuliko miili. Nikipumua karibu wanakimbia." Na siku zile haukupita muda akafa. Nimeyakumbuka maneno hayo mara ngapi, nikiyakumbuka kwa ajili ya sauti yake, sikuwahi kuyapima.

"Tangini hamkuwa na mwingine, mkubwa?"

"Hamkuwa. Nimeuliza kila mtu niliyemkuta."

Kwa hiyo kitoto cha samaki kisicho na meno ndicho kilichobebeshwa maiti. Na mimi nikasaidia kubeba. Samaki hana wakili, hana ukoo wa kuja kulalamika, ukimsingizia hajibu. Nikamwangalia yule daktari usoni kwa mara ya kwanza.

"Basi nani?"

Akatazama geti. "Sijui, mzee. Niliuliza. Nikajibiwa..."

"Taratibu zinafuatwa."

"Ndiyo."

Kengele ya kumaliza chai ikalia ndani ya kituo. Yeye akaanza kurudisha vichupa kisandukuni, akayaona mabuti. "Haya ni ya Kitinda?"

"Gundi bado."

"Haidhuru, leo yuko na domodomo. Wale hawana neno. Umeme wao ni mdogo hivi kwamba mkono wa mtu hauusikii kabisa. Sisi wenyewe tunausikia kwa mashine, inalia tik tik tik."

Mkono wangu ukasimama juu ya buti.

"Hauusikii kabisa?"

"Hata akiwashika kwa viganja viwili."

"Wakikua je?"

"Hata wakizeeka."

"Basi nani anamtekenya mwanangu?"

"Anatekenywa?"

"Vidoleni mpaka kiwiko. Anasema ni samaki wamekua. Tangu mwezi uliopita."

Kichupa kimoja kilianguka kikapasuka, harufu ya spiriti ikajaa banda. Daktari alisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali, "Mwezi uliopita ndipo walipoihamisha pampu ya maji. Ile ya kwenye tangi la kambare. Bwana Taratibu alisema inapiga kelele. Wakaifunga kwa domodomo."

Hapo ndipo soli za Kesho ziliponijia machoni. Nene. Za tairi. Msumari hata mmoja usitie. Hakuwa anamwogopa samaki. Wenye kituo walitutundikia kitambaa chekundu, wote tukakitazama hicho, na kifo kikahamishiwa tangi jingine. Na mtoto wangu, angekuwa anafanya kazi nyumba nyingine yoyote, maji yangemtekenya angepiga kelele, "Waya!" Lakini mle ndani, kwenye nyumba ya samaki wa umeme, alisema wamekua. Alisema wanamsalimia. Na mabuti yake, mpira uliokuwa unamkinga siku zote hizo bila yeye kujua, yalikuwa kwenye mapaja yangu.

Sijui barabara nilivukaje. Mlinzi aliniita, sikugeuka. Daktari alikuwa mbele yangu na ndala zake zikilia pa-pa-pa kwenye saruji. Nilikuwa sijaingia jengo lile tangu msiba. Lilinipokea kwa ule mvumo, maji yanazunguka, mabomba yanatetemeka, mwanga wa kijani kibichi ukicheza darini. Kule mwisho kitambaa chekundu. Katikati, kwenye tangi la domodomo, Kitinda: raba amezining'iniza shingoni kwa kamba zake, miguu mitupu kwenye saruji iliyolowa, mkono wa gauni umekunjwa hadi begani, sifongo mkononi, na mkono uko juu ya maji.

"Usiguse maji!"

Akageuka. "Baba? Umeingiaje humu?" Na akiwa anageuka mkono ukashuka, kwa mazoea tu, kama mtu anavyoshusha kikombe.

Mvumo ukakatika. Daktari alikuwa ameng'oa plagi ukutani, waya mzima mkononi kama amekamata nyoka. Sifongo kikagusa maji, vidole vikagusa maji, na hakuna kilichotokea. Domodomo walipita chini ya mkono wake, mmoja mmoja, wapole. Mimi nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Kuna nini?" Kitinda akawa anauliza. "Mbona mnanitazama hivyo? Baba, una gundi usoni."

Wakati huo Bwana Taratibu alikuwa amefika mlangoni, akasimama pale sakafu kavu inapokomea. "Nani amemruhusu mtu huyu? Na nani amezima pampu? Samaki wanahitaji hewa. Kuna taratibu."

"Zifuate basi," daktari akasema. "Mwite fundi umeme aje na testa, apime maji."

"Hakuna haja. Maji ya matangi haya yana umeme wa samaki, kila mtu analijua hilo."

"Tutawatoa samaki."

Na wakawatoa. Kitinda na daktari waliwachota domodomo wote kwa wavu, wakawatia kwenye beseni. Tangi likabaki maji matupu, mawe na ile pampu. Kesho alikuja na soli zangu miguuni, testa mfukoni, macho hayana pa kutua. Tukamwambia achomeke plagi. Mvumo ukarudi. Tukamwambia atie testa majini.

"Mzee..." akaniambia mimi, sijui kwa nini mimi.

"Tia."

Akaweka kidole gumba juu ya testa, akachovya ncha. Taa yake ndogo ikawaka. Nyekundu, tulivu, haipepesi. Maji matupu.

Kisha Bwana Taratibu akakohoa. "Inawezekana ni mabaki. Mabaki ya umeme wa samaki."

"Mabaki?" Kitinda akauliza. "Kama ya chakula?"

Ningecheka siku nyingine. Nilikuwa namtazama Kesho. Akachomoa plagi yeye mwenyewe, akaigeuza pampu, na chini yake, mahali waya unapoingia, palizungushwa utepe mweusi, tabaka juu ya tabaka, umevimba kwa maji kama kidonda.

"Nilisema," Kesho akasema. "Siku ileile nilisema. Nikaambiwa pampu mpya imeagizwa, niifunge utepe, nisiwatie watu hofu. Nikaambiwa ni samaki. Halafu mwezi uliopita, huyu daktari alipoanza kuuliza maswali kwenye tangi la kambare, nikaambiwa niitoe pale."

"Nani alikuambia?" nikamuuliza.

Hakuinua mkono. Alitazama tu viatu vyake, soli zile nilizoshona mimi mwenyewe bila msumari, halafu akatazama viatu vya Bwana Taratibu, vikavu, vyenye kung'aa, pale mlangoni.

"Jambo hili litafikishwa juu," Bwana Taratibu akasema.

"Juu wapi?" nikamuuliza. "Mke wangu yuko chini."

Akaondoka. Sikumkimbiza. Watu wanauliza kwa nini sikumkimbiza. Mtoto wangu alikuwa amenishika mkono kwa ule mkono wake uliolowa, baridi, maana sasa alikuwa ameelewa, na mtu hauachi mkono kama huo ili akamate koti la meneja. Alilia kwa sauti ya mama yake. "Nilidhani wananisalimia, baba." Akarudiarudia hivyo.

Tulipokuwa tunatoka nilipita kwenye tangi la mwisho. Kambare alikuwa amelala juu ya mchanga, mnene, wa kijivu na madoa, midomo minene, macho madogo kana kwamba hataki kuona. Ndugu zake wote wako kwenye vichupa. Aliishi pale na kitambaa chekundu kichwani akilipa kosa la pampu, na mimi kule ng'ambo ya barabara nikimtengea dawa. Sikumwomba radhi, samaki ni samaki. Ila nilikifungua kile kitambaa. Kilikuwa na fundo gumu, ikabidi nitumie meno.

Nikakifunga kwenye kitasa cha ofisi ya Bwana Taratibu, kwa fundo langu la kushonea, lile lisilofunguka bila kisu.

Kambare akifyatua umeme, wale wakubwa wawili wa uti wa mgongo hawasemi ni taratibu. Huku kwetu habari ilipanda juu, na huko juu imekaa. Pampu ilitolewa. Mpya ilikuja siku ileile, tena kutoka duka la hapo hapo mtaani. Daktari ameandika yake, na Kesho ameahidi kusema mbele ya watu. Nilimuuliza lini, akafungua mdomo, akaufunga tena. Kitinda amegoma kuacha kazi. Tumegombana sana. Anasema domodomo hawana kosa. Nimemshonea mabuti yake upya kwa soli za tairi, na kila asubuhi kabla hajavuka barabara namwambia anyanyue miguu, mmoja baada ya mwingine, niione.

Kitambaa kilikatwa kwa kisu kabla ya siku kuisha. Asubuhi yake nikafunga kingine. Mlinzi aligeukia ukuta nilipopita. Nacho kikakatwa, nikafunga kingine. Mimi ni fundi viatu; kitambaa chekundu cha bitana ninacho robota zima.